Mteja Asiyetaka Kumwita Dada

Simu ya kwanza ilipoita, Kinnari alikuwa bado ana unga hadi kwenye viwiko, na aliipokea huku anatabasamu. Alijua ni pongezi.

"Kinnariben," alisema mwalimu mstaafu wa kichochoro cha pili, kwa ule upole wa mtu anayeleta habari za msiba. "Hebu nikuulize, mwanangu. Leo mlikusudia kutulisha, au kututia kwenye chupa kama achari?"

"Sijakuelewa, mwalimu."

"Dali yako, mchuzi huo wa dengu. Nimeionja, nikanywa maji. Mke wangu ameionja, naye akanywa maji. Sasa maji yametuishia ndani, tumekaa tunaitazama tu."

Tabasamu likamkauka. Alipokata tu, simu ikaita tena: wauguzi wa hosteli. Ikaita tena: karani wa benki. Kila aliyepiga alikuwa na neno moja tu mdomoni, chumvi. Wala sisi hatutii chumvi katika kuisimulia habari hii, maana ilikwishatiwa ya kutosha.

Kinnari aliweka simu juu ya gunia la mchele, akamgeukia mama yake.

"Mama, dali uliitia chumvi?"

"Niliitia, ndiyo," alijibu Manjula, akijifuta jasho kwa ncha ya sari, roho yake kwatu. "Nilikuona umetoka kwenda kusuuza madabba, yale makopo ya kubebea chakula, nikajua umesahau. Wewe kusahau hukuanza leo."

"Mimi niliitia kabla sijatoka!"

Wakatazamana, mama na mwana, na sufuria katikati yao.

Katika nyumba nyingine yoyote pale Baroda, kosa kama hilo lingeonekana kwa kulamba kijiko tu. Lakini nyumba ya akina Parikh haionji. Chakula kikiiva, huwekwa kwanza mbele ya Thakorji, sanamu ya mungu wao, yule bwana mdogo wa shaba anayekaa katika kijumba chake cha ukutani na nguo zake za hariri. Pazia huvutwa ili ale kwa faragha, na kabla hajamaliza hakuna ulimi wa binadamu unaogusa kitu. Mabibi wa nyumba hiyo walipika hivyo hivyo maisha yao yote, kwa pua na kwa macho, wasikosee. Ila mabibi walipika kila mmoja peke yake. Leo sufuria ilikuwa na wapishi wawili, na pazia lilipofunguliwa mwenye baiskeli waliyemkodi kusambaza chakula alikuwa keshapiga kengele nje, wakapakua na kufunga mbio mbio bila wao wenyewe kutia kitu kinywani.

"Na Thakorji naye kala ile ile," Manjula alisema, akashika shavu. "Masikini. Hata hakusema kitu."

Kinnari alicheka bila kutaka. Kisha akakumbuka saa, akatupa jicho mlangoni.

Kaka yake, Ketan, alikuwa njiani kutoka Surat. Tangu baba yao afariki, Ketan alikuwa ameshakata shauri: nyumba ya Baroda ifungwe, mama na dada wahamie kwake, na Kinnari aolewe na mwenye duka la mapazia ambaye wifi yake alikwishampata. Ni Kinnari aliyeng'ang'ana. Aliomba aachwe ajaribu jambo moja, kupika chakula cha mchana cha nyumbani na kuwapelekea watu wasio na wa kuwapikia. Ketan akakubali kwa sharti kwamba siku ya kwanza aje ajionee mwenyewe. Wateja wakiridhika, wabaki. Wakilalamika, wafunge virago.

Walipata wateja kumi na wawili. Kumi na mmoja wameshalalamika.

"Nani hajapiga?" aliuliza Manjula.

Kinnari alikuwa anajua nani. Kila simu ilipoita, alikuwa akiomba isiwe yake, na kila ilipokuwa si yake aliumia kidogo.

"Yule wa miwani."

"Aaa," alisema mama yake, na hiyo "aaa" ilikuwa na mkia mrefu.

Jaydeep Vaghela alikuwa na duka la miwani pale kichochoro kinapoanzia. Tangu msimu wa mvua uliopita alikuwa akiinyosha mikono ya miwani ya Manjula, ambayo ilikuwa na tabia ya ajabu ya kupinda kila baada ya siku chache, na kila mara aliyetumwa kuipeleka alikuwa Kinnari. Jaydeep huipokea, akaipulizia pumzi, akaipangusa kwa kitambaa, kisha akamtazama Kinnari kupitia vioo vyake kana kwamba anavipima. Kinnari husahau hata aliondoka nyumbani kwa shughuli gani.

Jambo moja tu lilikuwa likimkera. Jaydeep hakuwahi kumtaja jina. Huko kwao, jina la mwanamke halisemwi kavu, hufungiwa "ben" nyuma yake, dada, ndiyo adabu. Muuza mboga humwita Kinnariben, kondakta humwita Kinnariben, hata mtu aliyekosea namba ya simu humwita ben kabla hajakata. Jaydeep yeye ni "samahani", ni "sikiliza", ni "miwani tayari." Mara nyingi Kinnari alirudi nyumbani akijiuliza, kwani mimi sina jina? Au ananidharau?

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa amesimama hapo, mrefu, ameshika dabba lake mkononi, makopo yote yamepandana na kung'aa kwa kuoshwa. Midomo ilikuwa imemkauka hadi imeingia weupe.

"Nimeleta chombo," alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Mwenye baiskeli angekipitia."

"Nilikuwa napita."

"Unapita kwenda wapi? Kichochoro hiki kinaishia kwenye ukuta wetu."

Jaydeep akautazama ukuta. "Basi nilikuwa nafika."

Manjula akajishughulisha ghafla na sinia la majani ya kotimiri, ambalo halikuwa na shughuli yoyote. Kinnari alipokea dabba, akafungua mshikio, akainua kopo la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna hata punje.

"Dali umeimwaga wapi?"

"Nimeila."

"Yote?"

"Yote."

"Muongo."

"Nitazame midomo."

Aliitazama, akajuta, maana ilimchukua muda kuiacha. "Sasa kwa nini hukupiga simu kama wenzako?"

"Nikaseme nini?"

"Useme ni chumvi tupu!"

"Nilidhani ndivyo mnavyopika kwenu."

"Ndivyo tunavyopika?" Kinnari alipandisha sauti. "Kwani sisi wachimba chumvi wa Kutch?"

"Nikasema moyoni," Jaydeep aliendelea, macho yako chini kwenye kandambili zake, "kama ndivyo wanavyokula, basi na mimi heri nianze kuzoea."

Kinnari akahisi joto linampanda shingoni, na jiko lilikuwa limezimwa.

"Kuzoea ili iwe nini?"

Jaydeep akalamba midomo iliyokauka. "Naomba maji," alisema.

Akapewa kopo la shaba. Akainua uso, akajimiminia kwa juu bila mdomo kugusa, na koromeo likawa linapanda na kushuka mpaka kopo likaisha. Kinnari akamjazia tena, likaisha tena.

"Sikiliza na wewe," alimwambia, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Wale kumi na mmoja wameniumiza, lakini wamenisaidia. Wewe ungeninyamazia kila siku kwa huruma mpaka nife na biashara yangu. Mimi sitaki mteja wa kunionea huruma."

Neno hilo lilimchoma, ikaonekana. "Basi nikwambie kweli?"

"Niambie."

"Bilingani na viazi, hata kwa mama yangu sijala kama vile. Chapati zilikuwa laini, nilikunja moja nikaila kavu. Dali..." Akasita. "Dali ningevua samaki ndani yake."

Kinnari alijizuia, akashindwa, akacheka hadi akashika ukingo wa mlango. Jaydeep naye akacheka, midomo ikampasuka, akaguna kwa maumivu, na hapo wakacheka zaidi. Wakiwa katika hali hiyo ndipo Ketan alipoingia na mkoba wake.

"Naona mna furaha," alisema. "Hapo nje nimempita mwalimu anabeba ndoo ya maji. Nimemuuliza kuna nini, akaniambia nikuulizeni nyinyi."

Kicheko kikakatika. Ketan aliinama akagusa miguu ya mama yake, akapokea baraka zake, kisha akaweka mkoba chini.

"Tulipatana, Kinnari. Umejaribu, hakuna anayekulaumu. Mama, fungasheni, kesho asubuhi tunakwenda Surat."

"Kaka, ni siku ya kwanza!"

"Na sharti lilikuwa la siku ya kwanza."

"Mimi sijalalamika," alisema Jaydeep.

Ketan akamgeukia polepole. "Na wewe ni nani?"

"Jaydeep Vaghela. Wa duka la miwani. Ni mteja."

"Mteja anafanya nini jikoni kwa watu?"

"Nimeleta chombo. Kaka, kosa limetokea kwenye dali peke yake. Huwezi kufunga nyumba kwa ajili ya dali. Kinnari anapika vizuri sana."

Mlimsikia? Kinnari. Jina kavu, halina mkia, mbele ya mama mtu na kaka mtu. Ghorofa ya juu, Taraben jirani, aliyekuwa akikung'uta shuka dirishani, aliacha kukung'uta.

"Umesema nani?" aliuliza Ketan.

Jaydeep akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagota mlangoni.

"Kinnariben," Ketan alisema, silabi kwa silabi, kama anayemfundisha mtoto kusoma. "Dada Kinnari. Hebu sema nikusikie."

Ni neno jepesi, linatoka vinywani mwa watu mamia kwa siku bila kugharimu kitu. Lakini Kinnari alimtazama Jaydeep akihangaika nalo, taya limekaza, masikio yamemwiva, na papo hapo akaelewa. Haikuwa dharau. Miezi yote ile ya "samahani" na "sikiliza", mtu huyu alikuwa anakwepa kumfanya dada yake. Furaha ilimjia kwa nguvu hata akaogopa itamwonekana usoni, na kweli ikaonekana.

"Kaka," alisema Jaydeep mwishowe, "dada yako atapata wateja wengi, nakuhakikishia. Na wote watamwita dada, ni haki yake. Nakuomba mimi peke yangu nisimwite."

"Hee!" ilisema sauti ya Taraben kutoka juu.

Ketan alikuwa amewiva kama pilipili. "Wewe! Kwanza usiniite kaka!"

"Basi nikuiteje?"

"Mwite shemeji!" Taraben akapaza sauti dirishani, na Manjula akazika uso wake katika kotimiri.

"Vaghela," Ketan alisema, sasa anatembea huku na huku katika jiko lisilo na nafasi ya kutembea. "Vaghela! Kwenu si mnakula nyama nyinyi?"

"Kwetu wanakula."

"Na vitunguu saumu!"

"Na vitunguu saumu."

"Na unathubutu kusimama hapa, mbele ya Thakorji, katika nyumba ambayo hata kitunguu maji hakijawahi kuvuka kizingiti?"

"Mimi leo nimemaliza bakuli zima la dali ile," alisema Jaydeep kwa unyenyekevu. "Kuacha kuku ndiko kutanishinda?"

Manjula hakuweza tena. Alicheka hadi miwani ikamteleza puani.

"Mama! Unacheka?"

"Nifanyeje, mwanangu? Nilie?" Alivua miwani, akamwonyesha. "Hii nimeivaa tangu ukiwa shule. Haijawahi kupinda hata siku moja, mpaka huyu alipofungua duka. Unadhani hupinda yenyewe? Nimemwona dada yako kwa macho yangu haya mabovu, anaikunja kwenye goti."

Kinnari alijifunika uso kwa viganja, akasahau vina unga.

"Kinnari." Ketan alisimama mbele yake, na hasira ilikuwa imempungua, imebaki kuuliza tu. "Ni kweli?"

Aliondoa mikono. Uso wake ulikuwa mweupe kama wa mzimu, na watu watatu wakimtazama, na mmoja kati yao alikuwa ameacha hata kupumua.

"Ni kweli," alisema. "Lakini nyote wawili hamnipangii. Wewe una Surat yako na mtu wa mapazia. Huyu hapa hata sijui anataka nini, maana kwangu hajasema, amekuambia wewe. Mimi najua ninachotaka. Nataka jiko hili. Kuna watu kumi na mmoja wana njaa kwa sababu yangu, na nitawapikia upya sasa hivi, bure. Wakishiba ndipo mje na maneno yenu. Na anayenitaka anitake na sufuria zangu."

Akawasha jiko.

Ketan akabaki ameshika kiuno. Kisha Jaydeep akakunja mikono ya shati. "Nina pikipiki," alisema. "Nitawapelekea."

"Kaka, viazi hivyo," alisema Kinnari bila kugeuka.

"Mimi?"

"Una mikono?"

Ketan, bosi wa watu huko Surat, alikaa chini akamenya viazi. Manjula aliosha mchele na choroko. Mara moja mkono wake ulielekea wenyewe kwenye kikopo cha chumvi, binti akamkata jicho, mama akaurudisha na kuukalia.

"Leo chumvi ni yangu," alisema Kinnari.

"Leo na siku zote," alisema mama yake. Akakisukuma kikopo mpaka upande wa binti, na waliojua nyumba ile wangejua kwamba hapo amekabidhiwa jiko.

Wali wa choroko ukaiva, na viazi vyake, na mtindi wa moto wenye tangawizi na majani ya mchuzi. Harufu ilikuwa inatosha kumwamsha mgonjwa, lakini hakuna aliyeonja. Manjula alipakua kijisahani, akakiweka mbele ya bwana mdogo wa shaba, akavuta pazia. Wote wanne wakasimama kimya, wakimsubiri ale. Kinnari alifumba macho. Aliomba kwa mara moja vitu viwili, na kimoja aliona haya kukitaja hata moyoni.

Pazia likafunguliwa. Manjula akachota wali uliobarikiwa, akauweka kwenye kiganja cha mwanawe wa kiume.

Ketan alitafuna. Akatafuna tena, polepole. Akanyosha kiganja.

"Ongeza."

"Iko sawa?" Kinnari aliuliza.

"Ongeza kwanza, nihakikishe."

"Kwani mkeo hapiki wali wa choroko?" Manjula aliuliza.

"Mama, usinitafutie matata." Akala cha pili amesimama, akageukia ukuta, na alipogeuka tena macho yake yalikuwa na unyevu ambao alisema ni wa mvuke. "Ulikuwa unapikwa hivi baba alipokuwa hai," alisema. "Nilikuwa nimesahau."

Madabba yakafungwa. Kinnari alitoka nje kumsaidia Jaydeep kuyapanga kwenye pikipiki, na vidole vyao vikakutana katika kamba moja, wala hakuna aliyekuwa na haraka ya kufunga fundo.

"Kaka umemwambia," alisema Kinnari. "Mimi je?"

Jaydeep aliyekuwa hodari mbele ya Ketan sasa alipotewa na maneno yote. "Nilikuwa nayafanyia mazoezi dukani," alikiri. "Yalikuwa mazuri. Yameondoka."

"Basi sema jina langu. Pale ndani kulikuwa na kelele, sikulisikia vizuri."

"Kinnari," alisema.

"Tena."

"Kinnari."

"Nenda," alimwambia, akampa kisogo upesi, maana Taraben alikuwa ameinama dirishani nusu ya mwili iko nje. "Chakula kinapoa."

Simu zilianza kuingia kabla pikipiki haijarudi. Wauguzi waliuliza kama kesho wanaweza kuongeza mwenzao mmoja. Karani wa benki alisema amesamehe. Mwalimu alitaka kuzungumza na Ketan mwenyewe, wakazungumza kirefu, na Ketan akawa anajibu "ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu," kama enzi za shule. Alipokata simu, aliuchukua mkoba wake kutoka mlangoni akaupeleka chumbani.

"Surat haihami," alisema kwa kununa. "Bakini. Nitakuwa nakuja kukagua. Jumapili."

"Kukagua au kula?" aliuliza mama yake.

Jaydeep aliporudi, jasho linamtiririka, alisimama kizingitini asijue aingie au la. Aliliona dabba lake rafuni, safi, tupu, akalichukua kwa heshima akamnyoshea Manjula.

"Mama, la kesho. Ili mwenye baiskeli asisahau dukani kwangu."

Manjula alilipokea, akaligeuza geuza, akapanda juu ya kigoda, akalisukuma ndani kabisa nyuma ya sufuria za sikukuu.

"Wewe hupelekewi tena."

Rangi ilimtoka Jaydeep. Kinnari naye akaacha upawa hewani.

"Mama, nimekosa nini?"

"Wanaopelekewa ni wateja," alisema Manjula, akishuka. "Wewe utakuja hapa, utavua viatu, utakaa chini ule na watu wa nyumbani."

Ilimchukua Kinnari muda kuelewa, na alipoelewa alisema jambo la kwanza lililomjia kichwani, kwa sababu yale mengine yalikuwa makubwa mno. "Mama! Siku ya kwanza tu, umeshaniondolea mteja!"

"Nimekuondolea. Haya, mpakulie, hajala chakula cha maana tangu asubuhi."

Jaydeep akavua viatu. Ketan, aliyekuwa amekaa katikati ya mkeka na sahani ya tatu, alinung'unika kitu kuhusu vitunguu saumu, kisha akasogea, akampisha nafasi.